Mkwe Ndani ya Mashua

Watu wakiniuliza nahodha Kibwana ni mtu wa namna gani, mimi huwauliza kwanza: baharini au nchi kavu? Maana ni watu wawili. Mmoja ninafanya kazi naye, mwingine ni jirani yangu, na mpaka siku ninayoisimulia hapa nilikuwa sijawahi kuwaona pamoja.

Wa baharini ndiye anayejulikana. Mashua yetu ya tanga huchukua wageni pale Galu, ikateremka nao kwenye maji tulivu baina ya ufukwe na mwamba mpaka karibu na kisiwa cha Chale. Wageni huogelea, wakala, wakarudishwa. Mimi Mwanatumu ndiye mpishi. Jiko langu la makaa liko katikati ya mashua, ndani ya sanduku la mchanga, na nikiwa hapo hakuna neno linalonipita. Kibwana akishika usukani tu, mdomo hufunguka. Kila kasa ana jina na ukoo wake. Kila jiwe lina kisa, na kisa hicho kesho kitakuwa kingine. Nilimwona bwana mmoja wa Nairobi, akiitwa Trevor, amecheka mpaka miwani ikamponyoka ikazama. Kibwana akamwambia asihuzunike, sasa kuna samaki mmoja atakayeona vizuri.

Na wageni wenyewe ni vioja vitupu. Amekuja mama aliyetaka upepo upunguzwe kidogo kwa ajili ya nywele zake. Kimekuja kikundi cha kanisa kutoka bara na mchungaji wao, kazi yake kulikemea kila wimbi linaloinuka, na akasinzia kabla hatujatoka Galu. Wamekuja maharusi waliotaka kupigwa picha juu ya fungu la mchanga wakiwa wameketi kwenye kochi. Tukalipakia kochi. Walipokuwa bado wanageuza shingo huku na huku, maji yakajaa na kochi likaenda zake. Baadaye tulisikia liko Vanga katika sebule ya mtu, na huyo mtu anasema ni riziki. Kwa yote hayo Kibwana hakukunja uso hata mara moja.

Sasa huyu wa nchi kavu. Akifika nyumbani kwake Kinondo hutoa salamu mlangoni, na hilo ndilo neno la mwisho mpaka alfajiri. Anakula kimya, anakaa kimya, ukimuuliza jambo anakujibu kwa nyusi. Nyumba zetu zimetengwa na ua wa makuti tu, kwa hiyo haya nimeyasikia mwenyewe, au niseme sikuyasikia, kwa kuwa hapakuwa na cha kusikia. Mkewe Ummi alivumilia miaka. Siku moja akapeleka vitumbua ufukweni kuuza, akawakuta wageni wametoka mashuani wanamsifu nahodha: mcheshi, mkunjufu, mtu wa watu. Ummi akauliza, "Nahodha yupi huyo?" Wakamwonyesha mumewe.

Jioni ile alifunga nguo zake. Alinijia uani machozi yakimlengalenga, akaniambia, "Mwanatumu, tui wanakunywa wageni, mimi ninaletewa machicha." Akaenda kwao Mkongani.

Hapo ndipo Kibwana alipopatikana. Mume akitaka kumrudisha mke huenda ukweni akaomba. Lakini babake Ummi ni marehemu, na mwenye nyumba ni mamake, Bi Mbeyu. Na kwa desturi ya kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Hawapeani mkono, hawali wakionana, na la kuambizana hupitia kwa mtu mwingine. Ni heshima kubwa na mimi siicheki, lakini hebu fikiri: anayepaswa kuombwa ndiye asiyetazamika. Kibwana akatuma wazee. Wazee wakala kuku, wakamsifu kuku, wakarudi bila jibu. Akawatuma tena, na mara hii wakarudi na jibu na laiti wasingalirudi nalo: mwezi wa Ramadhani ukiandama bila ya mambo kubadilika, Bi Mbeyu atampeleka bintiye kwa kadhi, ndoa ivunjwe.

Kibwana alilia mbele yangu, akajifuta kwa pindo la tanga. Nikamwambia, "Basi nenda ukaseme." Akaniuliza, "Nikaseme nini, na nimwambie nani?"

Ramadhani ilipokaribia, Duncan, mtu wa bara ambaye ndiye mwenye mashua, akatuletea habari za wageni wapya. "Ni wamama wa kulima mihogo huko ndani," akasema. "Wako na chama yao, wanataka kuona bahari. Hiyo ni kazi rahisi, ama?" Nikamkumbusha kwamba baharia wetu Kahindi amekwenda mazishini kwao Kaloleni, na yeye ndiye hukaa mbele akaangalia njia. Duncan akapunga mkono. "Si mko wawili? Mtasort. Ni wamama tu."

Asubuhi yake gari likawashusha kina mama pale Galu. Walikuja na masufuria, makoti ya mvua, na mmoja alikuwa na kuku hai kwapani, nilipomuuliza akasema huenda safari ikarefuka. Kibwana alikuwa amesimama ndani ya maji ya magoti ameishika mashua, tabasamu la kazi tayari. Ndipo sauti moja ikasema, "Mashua yenyewe ndiyo hii? Mbona nyembamba?"

Tabasamu likamwanguka. Nilipogeuka sikumwona tena nahodha, nikaona kofia yake tu upande wa pili wa mashua. Alikuwa amechutama, maji yamemfika puani.

"Ni mama," akaninong'oneza.

"Mama gani?"

"Mkwe wangu!"

"Basi tuwaambie safari imevunjika."

"Nimrudishe mkwe kutoka ufukweni mbele ya kikundi chake? Nikifanya hivyo Ummi ndiyo basi tena."

Nikazunguka kwenda kuwapokea. Bi Mbeyu alikuwa ameshajifunika uso kwa leso, wala hakuonekana mwenye kushtuka. Nyuma yake alisimama mwanamke aliyejitanda buibui mpaka machoni, na macho yale ninayajua, nimetazamana nayo juu ya ua miaka mingi. Alikuwa Ummi. Nikafungua mdomo, Bi Mbeyu akanishika mkono.

"Shikamoo, bibi," nikasema badala ya nilichotaka kusema.

"Marahaba, mwanangu. Nisikilize. Huyu anasema kuna Kibwana anayezungumza. Mimi sijawahi kumsikia, na yeye hajawahi kumsikia. Tumekuja kama wageni tumsikie kwa masikio yetu. Tukitoka hapa nitajua kama ni kwa kadhi au si kwa kadhi. Wewe nyamaza."

Nikanyamaza, na kunyamaza si kipaji changu.

Tukafunga leso kutoka mlingotini kupasua mashua kati, kina mama mbele, nahodha peke yake nyuma na usukani wake. Leso yenyewe imeandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone", na maandishi yalimwelekea yeye. Jiko langu likawa chini ya pazia hasa, nusu ya mwili wangu kwa mkwe, nusu kwa mkwewe. Tanga nililipandisha na kina mama wawili wenye mikono ya jembe. Lilipanda kwa mvuto mmoja, nikaogopa mlingoti utang'oka.

Salamu tu zilitufikisha nusu ya njia. "Mwambie mama shikamoo." "Mwambie marahaba, na hali yake?" "Mwambie alhamdulillahi, na wa Mkongani hawajambo?" "Mwambie hawajambo, ila mbuzi." Nikageuza samaki, nikapeleka salamu, nikaleta salamu, nikamuuliza Mola wangu tangu lini nimekuwa posta.

Kisha salamu zikaisha. Kina mama wakakaa mkao wa kusikiliza. Kasa akatoa kichwa karibu kabisa na sisi, wakapiga vigelegele.

"Mwambie nahodha tumeambiwa kasa wa huku wana majina," akasema Bi Mbeyu.

"Mwambie mama ndiyo, wanayo."

"Muulize huyu anaitwa nani."

Nilimwona Kibwana, masikini, jasho linamtiririka, mtu ambaye amewahi kuwaeleza Wajerumani nasaba ya kaa mpaka babu wa saba. "Mwambie mama," akasema hatimaye, "ni kasa tu."

Ummi akainamisha kichwa. Nilikasirika hata nikaunguza mkia wa samaki. Mtu ana mdomo wa kuwafurahisha watu wa dunia nzima, na siku yenyewe ndiyo anaufunga! Lakini aliogopa, na hofu haisikii ushauri. Hata njia haoni, pazia liko usoni pake, akawa anauliza kupitia kwangu.

"Waulize mbele kuna nini."

Nikauliza. "Wanasema kuna maji."

"Waulize ya rangi gani."

"Wanasema yanapendeza."

"Mwanatumu! Yanapendeza vipi?"

Nikauliza tena huku nikimnyang'anya kuku kipande cha nazi. "Wanasema ni meupe, masafi, hata mchanga wanauona."

"Mchanga?" akapiga kelele nahodha, na hapohapo mashua ikakwaruza, ikainama, ikasimama. Kuku ndiye aliyeshuka wa kwanza.

Tulikuwa juu ya fungu la mchanga, na maji yalikuwa yanakupwa. Hata sijazima jiko tulikuwa tumekaa pakavu katikati ya bahari. Nikatupa nanga, ingawa hapakuwa na pa kwenda. Nilitarajia kilio, lakini kina mama walifurahi kupita kiasi. Walidhani ni sehemu ya safari. "Hivi sasa ndiyo nimeielewa bahari," akasema mmoja, akiukanyagakanyaga mchanga. Mwingine akataka kujua shamba hili ni la nani na kama muhogo ungeshika. Wakapiga makofi, wakacheza. Upepo ukaja ukaing'oa ile leso ya pazia, tukaitazama ikielekea Msambweni.

Basi hapakuwa tena na cha kuwatenga. Mashua imeinama katikati ya fungu, Bi Mbeyu upande wa Chale, Kibwana upande wa mwamba. Bi Mbeyu akitaka kunyoosha miguu, Kibwana naye hana budi kunyoosha. Akienda omo, kule mbele, mwenzake mbio tezi, nyuma. Kina mama wakajiteua kuwa wapiga mbiu: "Nahodha, anakuja kwa mbele! La, amegeuka! Zunguka!" Nilipopakua samaki wa kupaka na wali, Kibwana alikula chini ya mashua amelala kifudifudi ili asionekane akitafuna. Duncan akapiga simu kuuliza kwa nini hatusogei. Nikamwambia nahodha anamheshimu mkwewe. Akasema, "Anafanya nini?" Nikakata.

Alasiri maji yakaanza kurudi. Fungu likapungua, likawa la watu kumi, likawa la watu wawili. Kina mama wakapanda mashuani, kuku akapandishwa, Bi Mbeyu akaketi omo na kuipa tezi mgongo. Mashua ikanyanyuka, ikaelea vizuri kwenye nanga yake. Kilichobaki ni nahodha kupanda tu, na nahodha hapandi. Alisimama baharini nyuma yetu ameushika usukani kwa nje, ametazama upande wa mwamba, maji kiunoni.

"Kibwana, panda tuondoke," nikamwambia.

"Nipande niende wapi? Kila ubao anauona."

"Amekupa mgongo!"

"Na akigeuka?"

Niliomba leso nyingine tufunge. Zote zilikuwa zimelowa miilini mwa wenyewe na hakuna aliyekubali kuvua. Maji yakamfika kifuani. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga kwa mwiko, yote kwa pamoja.

Ndipo Bi Mbeyu akasema, bila kugeuka, "Mwanatumu, mwambie nahodha nimekuja kumsikia, na sikusikia kitu. Nilitamani sana nisikie. Mwambie kesho ninakwenda kwa kadhi."

Haikuhitaji mpelekaji. Kibwana aliyasikia yote, nami nikaona vidole vyake vikikaza kwenye usukani. Kina mama wakamgeukia, hata kuku. Kisha nahodha akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakusema "mwambie".

"Mama, niwie radhi kwa kukusemesha. Mgeni nikimkosea neno, kesho anaondoka na keshokutwa ninaletewa mwingine. Kwa hiyo ninasema tu, lolote, haliniumi. Ummi nikimkosea neno sina mwingine. Nikifika nyumbani ninalo la kumwambia, wallahi ninalo kila siku. Ninalipima. Ninaogopa si zuri vya kutosha, ninalipima tena. Mpaka nikimaliza kulipima yeye amelala." Alikuwa akiyaambia mawimbi na mwamba, meno yakimgongana kwa baridi. "Sikumnyima, mama. Niliogopa. Ninampenda na ninamwogopa, na sasa nimempoteza kwa ajili ya hilo hilo."

Mimi machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Ummi akainuka mbele kule, akafunua uso, akapita kati ya wenzake, akaruka jiko langu, akaketi kwenye ukingo wa tezi, miguu yake ikaingia majini karibu na bega la mumewe.

"Kibwana," akasema.

Aligeuka kwa ghafla, akanywa maji ya bahari funda zima. Akakohoa. Akamtazama mkewe kana kwamba ametoka kilindini. Kisha, Mungu ni shahidi wangu, nikaona lile tabasamu la kazi linapanda usoni pake.

"Karibu sana, bibi," akasema. "Upande wako wa kushoto utaona kisiwa cha Chale, ambacho katika zama za kale—"

"Chale ninakijua!" Ummi akamkata. "Sikuja kuonyeshwa Chale. Niambie jana usiku ulikula nini."

Tabasamu likaondoka. Nikadhani nchi kavu imetushinda tena.

"Muhogo," akasema Kibwana.

"Wa namna gani?"

"Wa kuchemsha. Uliungua. Niliula hivyo hivyo."

"Muhogo wa kuchemsha unaungua vipi? Uliuachaje mpaka maji yakakauka?"

"Nilikuwa nimekaa mlangoni, ninakungoja."

"Unaningoja? Nani aliyekwambia ninakuja?"

"Hakuna aliyeniambia. Ninakungoja kila siku."

Ummi alijifunika uso kwa viganja viwili. Kisha akamshika mumewe shingoni mwa shati, akamvuta. Omo kule Bi Mbeyu akapenga kamasi kwa pindo la leso.

"Mwanatumu," akasema, "mwambie nahodha apande. Mimi nimefumba macho, na nitayafumba mpaka Galu."

Alipanda. Nikang'oa nanga, kina mama wakapandisha tanga, na mmoja wao akawekwa mbele kwa sharti la kupiga kelele akiona chochote kinachopendeza. Nyuma kule Kibwana alizungumza njia nzima. Hakukuwa na kasa wala zama za kale. Alimweleza Ummi kuwa mlango wa jikoni umelegea bawaba, kuwa kuku wa jirani, yaani wangu, wanataga kwenye karai lake, kuwa alinunua sabuni akasahau kuwa ipo, akanunua nyingine. Yalikuwa mambo yasiyo na mbele wala nyuma. Wale kina mama walikuwa wamekuja kuitazama bahari, lakini wote walikaa wameipa mgongo, shingo zimenyooka, wakisikiliza habari za bawaba.

Galu tulikuta gari linangoja. Walipanda mmoja mmoja, wakaniaga, wakaniahidi mihogo. Bi Mbeyu akaongozwa kwa mkono kwa kuwa bado alikuwa amefumba macho. Dereva, kijana mwangalifu, akawahesabu abiria wake, akawahesabu tena, akasema kuna mmoja bado hajapanda. Bi Mbeyu alifumbua macho pale, akayaelekeza mbele barabarani, wala hakuyageuza kule mashuani zilikokuwa zikitoka sauti mbili.

"Washa gari, baba," akamwambia. "Tumetimia."